Mshale Ulipokuwa Kwenye Kumi

Siku moja naikumbuka kuliko siku zangu nyingine zote, mwanangu, na sijawahi kumsimulia mtu habari zake tangu mwanzo hadi mwisho. Hata marehemu mama yako nilimwambia vipande tu. Leo naandika kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Newala, ukasema, "Baba, Jumatatu naanza somo la saa na watoto wa chekechea. Watanitoa jasho hao!" Ukacheka, nami nikacheka. Ulipokata simu nikabaki nimekaa barazani na simu mkononi, kisha nikaingia ndani kuchukua daftari.

Wewe umesomea ualimu na mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo sijakaa hapa kukufundisha kazi yako. Nitaeleza nilichofanya. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika, maana ni mambo ya zamani na mtu akikaa na jambo muda mrefu huanza kulipamba au kulichafua bila kukusudia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kanisa letu, huku upande wa Mkunya, lilikuwa na darasa la watoto wadogo, wale wa miaka sita na saba ambao bado hawajaandikishwa shule. Watoto wa Kikristo na wa Kiislamu walikaa pamoja, kwa sababu darasa lilikuwa hilo moja tu. Aliyekuwa akiwafundisha alihamia Masasi, wazee wa kanisa wakatazamana, wakasema yule kijana wa fulani anajua kusoma na mwandiko wake ni mzuri. Ndivyo nilivyopata ualimu. Sikupimwa na mtu yeyote wala sikufundishwa. Nilipewa chaki, fimbo ya kuonyeshea ubaoni, na ufunguo wa saa.

Saa yenyewe ilikuwa kubwa, ya ukutani, ya kutia ufunguo kila Jumatatu. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine kama ile. Mwanangu, nisifiche: niliipenda saa ile kuliko nilivyowapenda watoto. Nilipokuwa napanda kwenye benchi kuitia ufunguo, nilihakikisha mlango uko wazi ili wanaopita barabarani wanione.

Nikaamua kuwafundisha watoto kusoma saa. Nilikata duara la kadibodi, nikaandika namba kuanzia moja hadi kumi na mbili, nikafunga vijiti viwili katikati kwa uzi, kimoja kifupi, kimoja kirefu. Nikawafundisha kama nilivyofundishwa mimi, kwa kuimba. Mshale mfupi ukiwa kwenye saba ni saa moja. Ukiwa kwenye nane ni saa mbili. Tisa, saa tatu. Waliimba vizuri sana, mpaka wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za maji walikuwa wanasimama kusikiliza. Nami nikavimba kichwa.

Siku ya tatu au ya nne, binti mmoja mdogo aliyekaa benchi la mbele alinyoosha mkono. Jina lake Hilda. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Baba yake simjui, na sikuwahi kuuliza. Waliishi na bibi mzaa mama na mjomba, nyumba ya mwisho kabla ya mikorosho.

"Mwalimu," akasema, "mbona mshale uko kwenye saba, nawe unasema saa moja? Moja si ile pale?"

Akaonyesha kwa kidole. Na kweli, moja ilikuwa pale, inaonekana, haijajificha popote.

Mwanangu, jibu sikuwa nalo. Sikuwahi kulijua. Katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kujiuliza, nami nilipokuwa mdogo niliimba tu kama wengine. Ningeweza kusema, "Hilda, hilo sijui, nitauliza wazee." Ingekuwa rahisi hivyo. Lakini macho ya watoto thelathini yalikuwa kwangu, na ufunguo wa saa ulikuwa mfukoni mwangu, nikaona aibu. Nikasema, "Ndivyo saa ilivyo. Wenzako wote wameelewa. Au wewe una macho ya peke yako?"

Watoto wakacheka. Alikuwepo mtoto mmoja mcheshi sana, Kasimu, akadakia, "Mwalimu, Hilda anaona saa ya wachawi!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na mimi nilicheka nao. Hilda naye alicheka kidogo, kama mtoto anavyocheka akiwa hajui kama anachekwa yeye.

Kuanzia hapo nikawa namwinua kila siku. Nilijiambia namsaidia. Nikifikiri sasa, naona labda nilikuwa nataka kuonyesha kwamba tatizo ni lake na si langu, lakini sina hakika, moyo wa kijana wa miaka kumi na tisa hata mwenyewe haujui vizuri. Nilimfundisha ujanja: mshale ukiwa hapa, tazama namba iliyo upande wa pili, iliyokabiliana nayo, hiyo ndiyo saa. Lakini mtoto wa miaka saba upande wa pili wa duara haupati kirahisi. Akikosea kidogo anaangukia namba ya jirani. Nikiweka mshale kwenye tisa, Hilda anatafuta, anatafuta, kisha anakata tamaa na kusema, "Saa tisa." Watoto wanapiga kelele, "Saa mbovu! Saa mbovu!" Likawa jina lake hilo. Hata uwanjani: Hilda Saa Mbovu, njoo tucheze. Kusema haki, walikuwa wanamwita wacheze naye, hawakumtenga. Lakini jina ni jina.

Mara ya mwisho nilipomwinua, alisimama muda mrefu akitazama kadibodi, machozi yakaanza kumlengalenga. Nikachoka. Nikamwambia, "Basi Hilda, wewe soma unachokiona! Kaa chini."

Akakaa. Hakunyoosha mkono tena.

Wakati huo mama yake alikuwa anaumwa. Hilo nililijua, kama kijiji kizima kilivyojua. Alikuwa amevimba tumbo na kukonda mikono, na dawa za majani alizopewa hazikumsaidia. Mjomba alizungumza na dereva wa lori lililokuwa linakusanya korosho, akakubali kuwachukua kuwapeleka hospitali ya Ndanda, mgonjwa akae mbele pamoja na bibi, mjomba akae juu ya magunia. Lori lingefika nyumbani kwao saa nne asubuhi.

Yaliyotokea nyumbani kwao asubuhi ile niliyasikia baadaye kutoka kwa bibi. Mama Hilda hakutaka mtoto ashinde nyumbani akimwangalia anavyougulia. Akamfunga kitambaa kichwani, akamwambia, "Nenda shule. Saa ya darasani ikifika saa nne, omba ruhusa kwa mwalimu, uje tuagane. Usichelewe, mwanangu." Hilda akasema ndiyo. Mama akauliza, "Saa unaijua?" Bibi alisema mtoto alishikashika kile kitambaa, halafu akasema, "Naijua, mama."

Mimi hakuna aliyeniambia lolote. Angekuja mjomba, angetumwa jirani, ningemruhusu hata kabla ya saa mbili. Hilo naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini pia nitaandika hili: aliyepewa kazi ya kuniambia alikuwa Hilda, na Hilda nilikuwa nimemfunga mdomo mwenyewe, kwa mikono yangu.

Siku hiyo aliingia darasani akakaa mahali pake, akaielekea saa ya ukutani. Hakuitazama mara moja moja kama wenzake. Aliitazama moja kwa moja. Nikaona, nikafikiri amejitahidi, sasa anajifunza. Mshale mfupi ulipopita tisa unaelekea kumi, nikaona mkono wake umepanda kidogo, mpaka usawa wa sikio, ukasita hapo. Nikasema, na hili nalisema mbele ya Mungu kwa sababu nalikumbuka neno kwa neno, "Haya, Hilda anataka kutuambia saa ngapi!"

Wakacheka. Mkono ukashuka.

Tuliendelea na somo la kuhesabu. Baadaye kidogo tukasikia lori linanguruma kwenye mchanga wa barabara. Magari hayakuwa mengi huku kwetu, watoto wote wakaruka madirishani. "Lori! Lori! Limejaa korosho!" Kasimu alikuwa ameshapanda juu ya benchi. Nikagonga ubao kwa fimbo, rudini mkae. Hilda hakwenda dirishani. Alinyanyua shingo tu, akaliona lori kupitia mlangoni, kisha akageuka akaitazama saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi, umeipita kidogo. Akakaa vizuri kwenye benchi, ametulia kabisa.

Niliyaona hayo kwa macho yangu yote mawili na sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Saa sita niliwaruhusu. Watoto wakatoka mbio kama kawaida. Mimi nilifagia, nikafuta ubao, nikamwona Hilda bado amekaa. Nikamuuliza, "Huendi nyumbani?" Akasema, "Bado, Mwalimu." Nikadhani anangoja mwenzake. Nikatoka nje kuziba pancha ya baiskeli yangu. Kazi ikachukua muda, mpira ulikuwa mbovu. Niliporudi kufunga mlango ilikuwa saa saba, na yeye yuko palepale.

"Hilda, unafanya nini hapa?"

"Nangoja saa nne, Mwalimu."

"Saa nne ipi?"

Akaniangalia kama mtu anayeogopa kukosea. Akainua kidole, akaonyesha namba nne kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye moja. Akahesabu polepole, kidole kikipita hewani kutoka namba hadi namba: "Bado hapa, na hapa, na hapa. Halafu itakuwa nne. Mama anaondoka saa nne. Kaniambia niombe ruhusa nikaagane naye."

Mwanangu, sijui nikuandikie nini hapa. Nilimwambia, "Saa nne imepita, Hilda." Akasema, "Hapana, Mwalimu, bado." Akanionyesha tena. Alikuwa anasoma alichokiona.

Nilimbeba kwenye baiskeli ileile, tukafika kwao. Nyumba ilikuwa wazi, jirani yao anachambua kisamvu uani. Akasema, "Mmechelewa jamani, wameshaondoka. Walingoja sana." Kwenye mchanga mbele ya nyumba palikuwa na alama za matairi ya lori, na miguu ya kuku ilikuwa imeshapita juu yake. Hilda alishuka kwenye baiskeli akaingia ndani, akazunguka chumba cha mama yake, akatoka. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ni lile lori la Kasimu?" Maana Kasimu ndiye aliyelitangaza. Nikasema ndiyo, nikamwacha kwa yule jirani.

Hapa mtu angeweza kusimamisha hadithi na kusema kosa la yule kijana lilikuwa kumcheka mtoto. Nami kwa miaka kadhaa nilijisimulia hivyo, kwa sababu ni kosa linalosameheka. Lakini lipo la pili, na ndilo nililomficha mama yako.

Mama Hilda aliishi siku nane hospitalini. Siku nane, mwanangu. Na basi la kushuka Ndanda lilikuwepo karibu kila asubuhi. Mimi nilikuwa kijana mzima, sina mke, sina mtoto, nimeagizwa na kanisa niwaangalie watoto. Ningeweza kumshika Hilda mkono, tukapanda basi, tukafika kitandani kwa mama yake, nikasema, "Mama Hilda, mtoto hakukataa kuja. Alikusubiri mpaka saa saba, mimi ndiye niliyemfundisha vibaya." Maneno hayo yanamalizika kabla uji haujapoa.

Siku ya kwanza nilijiambia mgonjwa atarudi upesi, wataonana. Siku ya pili tulikuwa na kazi za kanisa, na kweli zilikuwepo, lakini wangeweza kuzifanya wengine. Siku ya tatu nilijiambia si ndugu yangu, mjomba akirudi atampeleka. Siku ya tano nilienda Newala mjini, nikasimama stendi, nikauliza basi la Ndanda linaondoka saa ngapi, nikajibiwa. Nikasema asante, nikarudi zangu. Nilijua ya kwamba nikifika kule nitalazimika kusema mbele ya bibi, mbele ya wauguzi, mbele ya mama mwenyewe, kwamba mwalimu hakujua kujibu swali la mtoto. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Siku ya nane habari zikaja, wakamleta kumzika.

Sisemi kwamba angepona. Kule hospitali walifanya kila walichoweza, na bibi mwenyewe alisema hivyo, kwamba walimtunza kama ndugu. Ugonjwa ulikuwa umeshamaliza kazi yake kabla ya lori kuja. Sisemi mimi niliua mtu. Nasema tu kulikuwa na kitu kimoja ambacho mama yule alikuwa anakihitaji, na kilikuwa kwangu, nami nikakaa nacho.

Baada ya matanga nilikwenda kwa bibi. Nilikaa kwenye mkeka mlangoni, nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," akaendelea kupepeta mtama. Nikamweleza yote: swali, kicheko, kadibodi, mkono ulioshuka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Aliniambia kwa Kimakonde, nami naandika kwa Kiswahili kama ninavyoweza.

"Tulipopita pale darasani," akasema, "dereva alipunguza mwendo. Mama yake akainua kichwa kutazama mlangoni. Mjomba akagonga bodi kwa juu, twendeni, tumechelewa. Njia nzima akawa ananiuliza, 'Hilda hakuja?' Nikamwambia yuko shule. Akasema, 'Nilimwambia saa nne. Akasema anaijua saa.' Kule kitandani akauliza tena. Kisha akaacha kuuliza."

Akauweka ungo chini. Akaendelea:

"Na wewe ulipoulizwa, kwa nini hukusema hujui?"

"Niliona aibu, bibi."

"Aibu ya nani? Ya mtoto wa miaka saba?" Akacheka kicheko kifupi, kisichokuwa na furaha. "Mimi saa yenu siijui, sijawahi kuingia darasani. Ila hilo alilokuuliza ungeniuliza mimi. Jua likichomoza, siku imeanza. Tunahesabu kutoka hapo. Likipanda kidogo, hiyo saa moja, ni saa ya kwanza ya jua. Likifika utosini, saa sita. Likizama, usiku nao unahesabiwa upya. Sasa hiyo mashine yenu ukutani imeanza kuhesabu kutoka wapi, mimi sijui. Muulize aliyeitengeneza."

Nilishtuka, mwanangu. Mara moja nikaelewa. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala, na sisi tunaanza kuhesabu watu wakiamka. Ndiyo maana mshale unasema kumi na sisi tunasema nne. Hakuna aliyekosea, ni mahali pa kuanzia tu. Mtoto alikuwa ameuliza swali lenye akili kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika darasa lile, na jibu lake lilikuwa limekaa nyumbani kwake, linapepeta mtama.

Bibi akaniambia neno moja tena kabla sijaondoka. "Kunicheka mimi mzee si kitu, nitakujibu. Mtoto hawezi kukujibu. Atakuamini." Halafu akarudi kwenye ungo wake. Hakuniambia amenisamehe wala hakunifukuza. Kila nilipopita nyumba ile baada ya hapo aliipokea salamu yangu vizuri, mpaka alipofariki.

Nilifundisha miaka miwili zaidi, nikawa nawatoa watoto nje kwanza kutazama jua kabla ya kuwaonyesha saa. Walielewa upesi. Kasimu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Hilda hakurudi darasani kwangu. Mjomba alimpeleka kwa ndugu upande wa Chidya, akasoma huko.

Nilimwona tena akiwa mtu mzima, miaka mingi baadaye, pale Ndanda barabarani. Nilikuwa nimempeleka mama yako kliniki, wewe ukiwa bado tumboni. Nilisikia "Shikamoo, Mwalimu," nikageuka, nikamjua kwa macho. Alikuwa na mtoto mgongoni na mzigo wa muhogo mkavu. Nikamwomba radhi palepale, watu wakipita, maneno yakinigongana mdomoni. Akanisikiliza kama bibi yake alivyonisikiliza.

"Kuchekwa mbona nimeshasahau, Mwalimu," akasema. "Watoto wanachekana. Hata huyu wangu anamcheka dada yake."

Nikapumua. Akamrekebisha mtoto mgongoni, akatazama barabara.

"Ila zile siku nane nilikuwa nakungoja. Nilikuwa nakaa mlangoni kila asubuhi. Nilijua utakuja kunichukua unipeleke kwa mama. Ulikuwa na baiskeli." Akatabasamu. "Mtoto anadhani baiskeli inafika popote."

Nikamwambia, "Ningekuja, Hilda." Sijui kwa nini nilisema hivyo, halikuwa kweli. Akajibu, "Haya, Mwalimu. Nimesamehe." Basi lake likaja, akapanda. Kama alisema kwa moyo au kwa adabu tu aliyolelewa nayo, mpaka leo sijui, na nadhani sina haki ya kujua.

Mwanangu, Jumatatu utasimama mbele ya watoto na saa yako mkononi. Watoe nje kwanza. Waonyeshe jua, waambie sisi siku yetu inaanzia pale, halafu ndiyo uwaonyeshe mshale. Yuko mmoja atakayekuuliza swali ambalo hukulitegemea. Usimgeuze kichekesho kwa wenzake. Kama hujui, sema hujui, hata mbele ya mkaguzi, na kesho yake njoo na jibu ulilolitafuta. Mtoto ambaye hajaelewa atakuja kwako mara ya pili kama mara ya kwanza hukumuumiza, na anaweza kuwa na shida ambayo hawezi kuieleza isipokuwa kwa kunyoosha mkono. Ukiona mkono umeanza kupanda, ngoja. Nyamazisha darasa, ungoje ufike juu.

Na ukimkosea, maana utakosea, nami sikudhanii kuwa malaika, usijipe siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Mfuate mtoto siku hiyohiyo mpaka kwao. Mwambie mzazi wake, mimi ndiye niliyekosea, mtoto hana kosa. Utaona uso unakuwaka moto, utadhani watu wote wanakudharau. Huo moto unapoa. Mimi niliukimbia, na nilichobaki nacho badala yake hakijapoa mpaka sasa.

Sijui kama nimeandika vizuri. Nimekuachia kama yalivyo.

Mungu akutangulie katika kazi yako, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na miguu myepesi ya kwenda kuomba radhi wakati anayeombwa bado yupo kusikia. Amina.